Kichupa cha Siku ya Sita: Wasifu wa Mdogo Wangu Tone

Nimepewa kazi ya kusoma wasifu huu kwa sababu mimi ndiye dada mkubwa wa marehemu, na kwa sababu hakuna mtu katika ukoo wetu anayeweza kuninyang'anya kipaza sauti. Jina lake kamili mnaliona kwenye jalada la kijitabu. Nyumbani tulimwita Tone.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Juni 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba fundi baiskeli na mama mshonaji. Alikuja kabla ya siku zake, mdogo kiasi kwamba mkunga alimfunika kwa taulo ya uso ikamtosha. Nilikuwa na miaka saba. Nilichungulia nikasema, "Mbona ni tone tu?" Mama aliniona sina adabu, lakini jina likabaki.

Alianza shule ya msingi mwaka 1971, sekondari mwaka 1978, na mwaka 1988 akapata shahada ya kemia. Alikuwa mtoto wa kuuliza maswali mpaka unatamani kumficha chini ya kitanda. Chai ikigeuka rangi, alitaka kujua kwa nini.

Mwaka 1990 aliajiriwa katika maabara ya serikali. Mwanzoni mwa 1998 ikaletwa mashine ambayo ndiyo iliyokuwa maisha yake. Nilimuuliza inafanya nini, akanieleza polepole kama anayemlisha mgonjwa: "Dada, unachukua maziwa kidogo, au damu, au mkojo, hata mate. Mashine inayageuza kuwa chembe zenye umeme, inazirusha, halafu inazipima uzito. Kila kitu kina uzito wake. Dawa ikiwemo, haina pa kujificha." Nikamwambia basi aipeleke kwa yule muuza nyama wangu anayenipunja kilo. Alicheka mpaka akakohoa.

Kwa mashine hiyo alipima maziwa ya ng'ombe waliochomwa sindano, damu ya watoto wachanga, na maziwa ya akina mama elfu moja na mia saba. Ukimkaribisha chai alinusa kikombe kwanza. Wenyeji wengi walichukia, mimi nikiwa wa kwanza.

Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, mwanamke wa vicheko, wifi niliyempenda. Binti yao alizaliwa tarehe 3 Mei 1998. Wiki moja kabla, Tone alipuliza dawa ya kunguni chumbani, ili mtoto asije akaumwa. Siku ya sita wifi yangu alikamua maziwa kwenye kichupa, kwa kuwa maabara ilitaka maziwa ya mama ya kujaribia mashine mpya. Tone akayaweka kwenye friza ya maabara. Siku ya kumi mtoto akaanza kutapika na kukataa ziwa. Tarehe 22 Mei wifi yangu alianguka jikoni, akafa. Daktari aliandika kwamba damu iliganda kwenye mapafu.

Hapa mnivumilie. Siku tulipomzika, barazani, mbele ya watu, nilimwambia mdogo wangu: "Ni hiyo dawa yako ya kunguni. Imeingia kwenye maziwa. Umewapa sumu kwa mkono wako." Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na uchungu tu, na mdomo. Mtoto alipona, nikamlea kama wangu, na maneno yale nikayasahau kabisa.

Yeye hakuyasahau. Miaka ishirini na sita kichupa kile kilikaa kwenye friza. Umeme ukikatika tukiwa tunakula, aliacha sahani akakimbilia jenereta ya maabara. Nikimtania, "Wewe umeoa friza," alitabasamu akaondoka. Wenzake wakimuuliza mbona hakipimwi, alisema, "Ni kidogo, tukiyapima yatakwisha." Jamani! Mtu aliyeshinda akipima matone!

Oktoba mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliugua bila kelele, ila aliwakosoa wauguzi jinsi walivyoandika lebo za damu yake. Jumatatu ya wiki hii, wodini, alimshika binti yake mkono. Nilikuwa miguuni pa kitanda nikimenya chungwa. Akasema, "Mwanangu, nimepima maziwa ya akina mama wa watu wote. Ya mama yako nimeyaogopa." Akamweleza sababu. Akayarudia maneno yangu, neno kwa neno, bila kusema ni ya nani.

Kisu kiliniponyoka.

Binti akamwambia, "Yapimwe, baba. Mimi huyu hapa, nimekua, nimezaa. Unaogopa nini?" Akakubali. Mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ni mkuu wa maabara, akakitoa kichupa Jumanne. Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, saa nne asubuhi, mdogo wangu alifariki dunia akiwa na miaka sitini. Majibu yalitoka Alhamisi alasiri, kijitabu hiki kikiwa tayari kimechapwa. Ndiyo maana sehemu hii naisoma kwenye karatasi ya maabara:

"Maziwa ya mama, siku ya sita. Dawa ya kunguni iliyotafutwa: haikuonekana. Kipimo kimerudiwa mara tatu."

Tone, umesikia? Haikuwemo. Maziwa yalikuwa mazuri. Mimi ndiye niliyekupa sumu. Majibu yamechelewa siku moja; mimi nimechelewa miaka ishirini na sita kukuomba msamaha.

Marehemu ameacha dada mmoja, binti mmoja, mkwe mmoja, na mjukuu wa miezi mitano, ambaye bila shaka mnamsikia huko nyuma, njaa imemshika. Mama yake, usitoke nje. Mnyonyeshe hapo hapo ulipokaa, babu yake asikie kimya.

Haya, mdogo wangu. Lala. Huna kosa.