Pigo Moja, Simama

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za mchana.

Wengi mnanifahamu kama yule bwana anayekaa karibu na mlango na kutoka kabla ya chai. Ni kweli. Nimekuwa nikija kwenye kikao hiki cha wafiwa tangu mvua zilipoisha, nimesikiliza habari zenu za misiba na vidonda vyenu, na kila mara nilipoombwa kusimama nilikumbuka nina safari. Leo ufunguo wa gari nimempa dada yangu, yule pale safu ya pili, ili nisiweze kuondoka. Msimwangalie sana, hapendi. Majina ya watu sitataja. Nitasema tu yaliyonipata.

Kwetu ni Kolo, kule Kondoa kwenye miamba yenye michoro. Baba alikuwa mtu wa minada. Alikuwa na gari moja, haisi nyeupe, ambayo kwa vumbi la kule hakuna aliyewahi kuiona ikiwa nyeupe. Anapakia masufuria na vitenge, anazunguka minada wiki nzima, anarudi na magunia ya karanga na pengine mbuzi wawili. Kwa sababu ya hao mbuzi alijenga ukuta wa plaiwudi kati ya kiti cha dereva na nyuma, kutoka sakafuni mpaka darini. Hakuacha hata tundu. Alisema harufu ya beberu haiwezi kukaa naye kiti kimoja.

Sisi watoto na mama tulikuwa tunapanda nyuma, juu ya magunia. Kwa hiyo ikabidi tuwe na lugha. Baba alitufundisha: ukitaka gari lisimame, gonga bati la bodi mara moja. Ukitaka liendelee, gonga mara mbili. Pigo moja, simama. Mapigo mawili, twende. Na mtoto aliyegonga kwa mchezo alishushwa akatembea kwa miguu mpaka tulipomngojea mbele. Mimi nimetembea sana. Ndiyo maana tangu mdogo naijua ile sauti ya kifundo cha kidole kwenye bati kama ninavyolijua jina langu.

Baba alipofariki gari likawa langu. Nilikuwa sijafika miaka thelathini. Stata ilikuwa imekufa, likisimama linazima na likizima ni la kusukuma, bati la ubavuni limelegea linagonga lenyewe, milango inalia. Lakini linatembea.

Asubuhi moja mama aliamka pumzi zinakata. Alikuwa ameugua siku tatu, anatuambia ni kifua tu. Tukamtandikia godoro nyuma, dada, aliyekuwa amekuja kumuuguza, akakaa naye, mimi nikashika usukani kuja Dodoma hospitali. Wakati ule barabara ilikuwa ya vumbi na matuta madogo madogo yale yanayotikisa meno. Tulipita Kondoa, tukapita Chemba. Tulipokuwa tunakaribia Haneti nikasikia pigo moja.

Ndugu zangu, naomba mnivumilie hapa.

Nilisikia pigo moja. Nikapunguza mwendo. Nikafikiri: nikisimama, hili gari litazima, na likizima nani atalisukuma, mimi na dada? Hospitali iko mbele, si hapa porini. Nikawa bado nafikiri hivyo, likaja pigo lingine. Moja tu, kama lile la kwanza. Kati yake na la kwanza kulikuwa na muda wa kutosha mtu kunywa maji. Mimi nikayajumlisha. Nikajiambia, hayo ni mawili, wamesema twende. Nikakanyaga mafuta.

Tulipofika hospitali nikafungua mlango wa nyuma. Dada alikuwa amepakata kichwa cha mama. Alikuwa ameshamfumba macho.

Kwenye msiba wajomba waliuliza ilikuwaje. Dada akajibu mbele ya watu wote kwamba aligonga, ila kaka yake hakusikia, gari lilikuwa na kelele. Alisema hivyo kunikinga. Wote wakanigeukia, nami nikasema, ndiyo, gari lina kelele. Mjomba mmoja akatoka nje akalipiga teke tairi. Basi, kosa likawa la gari. Nikaliacha hapa Zuzu uani kwa dada, ambaye alikuwa ameolewa huku, nikaondoka kabla ya arobaini.

Nimetembea nchi hii. Nimepakia alizeti Singida, nimekuwa utingo wa malori ya Tabora, nimelinda ghala Mbeya, nimesaga mawe Geita. Watu walidhani natafuta maisha. Nilikuwa nahama miji kama mgonjwa anavyogeuka upande kitandani. Popote nilipopanga chumba, haikupita miezi nikasikia pigo moja: kwenye geti la jirani, kwenye tangi la maji, kwenye bati la duka linapofungwa. Moja. Halafu muda. Halafu lingine. Nikilisikia la pili nafungasha. Singida nilikuwa na mwenzangu, mwanamke mwema, aliyestahili kuambiwa ukweli. Siku moja alikuwa akipasua boga jikoni, kisu kikagonga sufuria, nikasimama nikatoka. Alinifuata mpaka stendi akiniuliza, umesikia nini? Nikamwambia sijasikia kitu. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu kwa kila mtu.

Miaka ilikwenda hivyo. Mwaka juzi dada akanipigia simu. Alitaka kufuga kuku pale lilipokaa gari, na watu wa vyuma chakavu walikuwa wameshakuja kulitazama. Nikamwomba asubiri. Nikafika na begi moja, kama kawaida yangu. Kuku wenyewe walikuwa wameshaanza kutaga kwenye kiti cha dereva.

Sikuweza kuliacha likatwe. Nikamwambia dada nitalifufua, litabeba abiria wa misiba na harusi. Lakini niwaambie ukweli, nilichotaka hasa ni kulinyamazisha. Nilidhani nikiliziba gari lile mpaka lisitoe sauti yoyote, na mimi nitapona. Injini na stata zilitengenezwa na fundi mmoja wa Majengo kwa muda mfupi tu. Ndani nilikataa mtu asiguse. Nikang'oa viti, nikang'oa sakafu. Chini ya sakafu kulikuwa na udongo mwekundu wa kwetu, maganda ya karanga, na kifungo cha gauni la mama ambalo nalikumbuka. Nikasugua kutu kwa brashi ya waya wiki mbili, nikapiga rangi. Halafu nikafanya ujinga. Niliwahi kuona chumba cha kurekodia kwaya kimebandikwa trei za mayai ukutani, basi nikazunguka Majengo nikikusanya trei, nikazibandika dari yote na ubavu wote kwa gundi.

Nikamwita fundi wa viti aje kupima vitambaa. Yule bwana ana mdomo. Akachungulia, akatoa kichwa, akaniuliza kuku wote wa Zuzu nitawaweka safu ngapi. Nilipowasha injini trei zikaanza kudondoka moja moja. Alicheka mpaka akaketi. Kisha akaingia, akaweka kiganja kwenye bati tupu.

Akasema, "Kaka, hujui kelele inatoka wapi, ndiyo maana unafunika kila mahali. Bati ndilo linalotetemeka. Ligonge, usikilize. Palipo na mlio mtupu, hapo ndipo pa kutia uzito."

Ndivyo wanavyofanya, kumbe. Unagonga bodi kwa kifundo cha kidole shibiri kwa shibiri, mwingine anasikiliza. Panapolia unapaweka alama ya chaki, unabandika mkeka wa lami na raba, unaukandamiza kwa rola mpaka bati liwe zito. Juu yake sponji, juu yake zulia. Milango unaibadilishia raba. Fundi akakaa kiti cha dereva, nyuma ya ule ukuta wa plaiwudi, akaniambia nipite nyuma nigonge.

Niligonga mara moja. Mkono ukakataa. Nikashuka, nikaenda kutapika nyuma ya choo. Fundi akadhani ni gundi.

Siku iliyofuata nilimwomba yeye agonge, mimi niweke chaki. Nikaziba masikio kwa pamba. Tulifanya kazi mwezi mzima hivyo, yeye anagonga, mimi naangalia mdomo wake anaposema hapa, hapa. Ule ukuta nikauongezea sponji tabaka mbili, ngozi juu yake, misumari ya shaba. Fundi akautazama, akaniuliza natengeneza gari au jeneza. Alikuwa amesema kitu ambacho nilikuwa nimeshakiona.

Kazi ilipokwisha nilikaa kwenye kiti cha dereva, saa nne asubuhi, nikafunga vioo. Pale kwa dada reli haiko mbali. Treni ya mizigo ikapita, nikaiona behewa kwa behewa, sikuisikia. Nilifurahi kama mtoto. Na katika ukimya ule, ndugu zangu, nikasikia pigo moja. Nikangoja. Likaja lingine.

Nyuma hakukuwa na mtu. Nilikwenda kuangalia mara tatu.

Nikaanza kufungasha begi. Dada aliniona kupitia dirisha. Hakunizuia. Alisema tu kwamba kabla sijaondoka nimwonyeshe hilo gari lililotulaza njaa. Akapanda nyuma, akafunga mlango. Akanipigia simu kutoka humo ndani, mita mbili tu, akaniambia nikae mbele aone kama kweli limenyamaza. Nikakaa. Akagonga.

Aligonga polepole, kwa kifundo cha kidole, kwenye zulia lile nene. Moja. Akangoja. Halafu moja tena. Alikuwa anajaribu gari tu. Lakini mkono ni uleule, na muda wa katikati ni uleule.

Nikashuka, nikaenda nikafungua mlango wa nyuma. Alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, kama alivyokuwa amekaa siku ile.

Akaniuliza, "Umesikia?"

Nikamwambia, "Nimesikia. Na siku ile nilisikia."

Nikamwambia yote, stata, na ile hesabu yangu ya moja na moja. Hakulia. Akauliza kama nilijua kuwa alichogonga ni moja. Nikasema nilijua.

Akasema, "Mama alitaka kushuka. Alisema hospitali tuiache. Alitaka akae chini kidogo, akuone uso. Alikuwa anauangalia ule ukuta."

Kisha akashuka akaingia ndani. Siku nne hakuongea nami. Ananiwekea chakula, anafunika, anaondoka. Nawaambia, zile siku nne zilikuwa ngumu kuliko miaka yote ya Geita na Mbeya, kwa sababu sikuondoka. Begi lilikuwa limefungwa pale mlangoni, kila asubuhi nalipita kwenda kunawa.

Siku ya tano alikuja uani na nyundo na bisibisi. Akasema nimsaidie. Tulipokuwa tunang'oa ile misumari ya shaba ndipo na yeye akasema lake. Miaka yote hiyo alikuwa anajiuliza kwa nini hakugonga mfululizo, kwa nini hakupiga mateke na kupiga kelele mpaka bodi ipasuke. Aligonga moja, akangoja, akagonga moja, akangoja, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, na aliogopa akigonga haraka ningesikia mawili. Akaamini kwamba mama alikosa haja yake kwa sababu yeye alikuwa mtiifu mno. Na mimi ningeweza kumtua mzigo huo siku ileile ya msiba, kwa neno moja. Nikalisingizia gari.

Ukuta tuliutoa. Ubao wa baba dada ameufanya mlango wa banda la kuku. Wiki ile tukaenda Kolo, siku hizi ni lami, gari limetulia mnaongea kwa sauti ya kawaida kama mko sebuleni. Tukafagia kaburi. Tuliporudi, tulipokaribia Haneti, dada akagonga bodi mara moja, ingawa alikuwa ubavuni pangu na angeweza kusema tu. Nikasimama. Nikazima injini. Tukashuka tukaketi chini kwenye majani makavu, tukatazamana. Ng'ombe wa watu wakapita. Baadaye tukapanda.

Namshukuru yule fundi wa viti, ambaye hata sasa anadhani nilitapika kwa sababu ya gundi. Nawashukuru nyinyi mlioniwekea kiti hapo mlangoni wiki hata wiki bila kuniuliza. Namshukuru dada, ambaye hajaniambia amenisamehe, na sijamuuliza. Amenipa chumba. Begi nimelifungua.

Mkitaka la kujifunza, mimi ni mtu wa kidato cha nne tu, sina makubwa. Kama kuna jambo ulilisikia ukasema hukusikia, yupo mtu mahali anajilaumu kwamba hakugonga kwa nguvu. Nenda ukamwambie. Atakasirika. Kaa hapohapo.

Msidhani limekwisha. Bado nasikia pigo moja, mara nyingi nikiwa peke yangu barabarani, na gari lote ni sponji na zulia. Zamani nilikuwa nakanyaga mafuta. Sasa naweka taa ya pembeni, nasogea kando, nasimama. Nageuka nyuma nionekane uso. Nakaa kidogo. Halafu nangoja mapigo mawili ya mfululizo, ndipo naondoka.