Mwalimu Yustina Chilongani Mughwai, Aliyeondolewa kwenye Muziki

Marehemu Mwalimu Yustina alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 Kilimatinde, wilayani Manyoni, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Mathayo Chilongani na Mama Elizabeti. Baba yake alikuwa seremala wa milango, na mbao zilizobaki alizitengenezea mazeze. Yustina alijua kukaza nyuzi za zeze kabla hajajua kusoma.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kilimatinde kuanzia 1974 hadi 1980, kisha sekondari, na mwaka 1985 akajiunga na chuo cha ualimu. Huko ndiko alikojifunza kusoma nota. Aliwaandikia wazazi barua moja tu kwa miaka miwili, nayo ilikuwa na wimbo mzima uliopangwa kwa sauti nne. Hakueleza kama anakula wala kama ni mzima.

Aliajiriwa Julai 1987, na mwaka 1994 akahamia Shule ya Msingi Mihanja, Ikungi, alikofundisha hadi alipostaafu. Filimbi alizitengeneza kwa mabomba ya maji ya plastiki, akitoboa matundu kwa msumari wa moto. Mzee Abdulmajidi, mwenye duka, alimwita dukani kwake siku moja.

"Mwalimu, sina ugomvi na wewe. Ila Hanifa wangu asije akafundishwa nyimbo za kanisani."

Mwalimu hakubishana. Alisimama katikati ya magunia ya alizeti akamwimbia nyimbo zote saba za muhula ule, moja baada ya nyingine, wateja wakisubiri.

"Huo wa mvua," alisema mzee, "hebu urudie."

Wiki iliyofuata alileta madebe manne matupu ya kutengenezea ngoma, na Hanifa akawa mwanzishaji wa nyimbo.

Tarehe 9 Desemba 1989 Yustina alifunga ndoa na Mwalimu Filipo Mughwai wa Ikungi. Walijaliwa watoto watatu: Esta, Ignas na Marietha. Ilikuwa nyumba ya kicheko. Mwaka 2008 Mwalimu Filipo aliteuliwa kuwa Mratibu Elimu wa Kata, na ratiba ya Mihanja, yenye vipindi vya muziki, ilipita mezani kwake kila mwaka akaitia sahihi.

Sehemu inayofuata marehemu mwenyewe aliagiza isomwe. Alimwambia mdogo wake Magreth, anayesoma wasifu huu: "Usije ukasema niliacha muziki. Sema niliondolewa, na umtaje aliyeniondoa."

Mwanzoni mwa 2017 matokeo ya darasa la saba katika kata yalikuwa mabaya, na waratibu wakaitwa wilayani kujieleza. Mwalimu Filipo alisimama akasema kwamba watoto wa Mihanja wanapotezewa muda na nyimbo, na kwamba mwalimu wao ameonywa mara tatu akakaidi. Hakuwahi kuonywa hata mara moja.

Jumatano ya tarehe 8 Februari, Mwalimu Mkuu aliwasomea walimu barua ya kufuta vipindi vya muziki. Sahihi ilikuwa ya mume wa Yustina. Asubuhi ile ile walikuwa wamekunywa chai pamoja, na shati aliloendea ofisini alikuwa amempigia pasi yeye.

Jioni alimuuliza, "Baba Esta, ulinionya lini?"

"Mke wangu, lilitakiwa jina. Wangeniondoa mimi."

"Ukatafuta la karibu."

"Nilijua wewe utanielewa."

"Nimekuelewa," alisema, akaenda kupakua chakula.

Filimbi na ngoma zilifungiwa stoo pamoja na saruji, na kwa mvua za mwaka uliofuata saruji ikazigandia filimbi na kutu ikazila ngoma. Watoto walipouliza, "Mwalimu, kesho tunaimba?" aliwajibu, "Kamuulizeni Mratibu." Wakaenda kweli. Watoto arobaini na wawili walitembea hadi ofisi ya kata, wakajipanga kama kwenye kwaya, wakasema shikamoo kwa pamoja. Mratibu alitoka kwa mlango wa nyuma akaondoka.

Yustina hakuondoka nyumbani. Alipika, alifua, alimuuguza mumewe alipovunjika mguu. Lakini hakumwita tena Baba Esta. Alimwita Mratibu, mezani, mbele ya wageni, hata baada ya mumewe kustaafu. Kanisani aliacha kwaya akakaa benchi la nyuma. Alifundisha hisabati darasa la tatu, akaifundisha vizuri, hadi Aprili 2021 alipostaafu kwa hiari.

Novemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Kila safari ya matibabu Dodoma Mwalimu Filipo alimsindikiza kwa basi, akimbebea mto wa kuegemea. Mei mwaka huu, wodini, Marietha akiwepo, Mwalimu Filipo alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama Esta, nilikusaliti. Naomba unisamehe."

Mgonjwa alijibu, "Nimesikia, Mratibu."

Hakuongeza neno juu ya hilo siku ile, wala siku nyingine. Alifariki Jumamosi, tarehe 17 Agosti 2024, saa nne asubuhi, akiwa nyumbani Ikungi.

Ameacha watoto watatu, wajukuu wanne, ndugu watano, na wanafunzi wengi; Hanifa amesafiri na wanawe wawili ili awepo leo. Ameacha pia mume, Mwalimu Filipo Mughwai. Jana mchana alisomewa karatasi hii kabla haijapelekwa kuchapwa. Wazee walishauri habari za barua ziondolewe, maana msibani huzikwa mengi. Yeye aliomba asomewe tena, polepole. Kisha akasema, "Iacheni. Ndivyo ilivyokuwa." 

Mwenyezi Mungu ampokee Mwalimu Yustina, na ampe pumziko la amani.