Mgeni Asiye na Jiko

Mfuniko wa sufuria ya Odeta uligongagonga gizani, treni ikikaribia Mpanda alfajiri. Tangu Kaliua hakuna aliyekaa karibu naye, maana mwanawe alikuwa na alama za tetekuwanga.

Kiti cha mbele, kijana wa chuo cha uuguzi alikuwa akimfundisha bibi mmoja. "Kirusi peke yake hakizai, bibi. Kinaingia kwenye seli yako, kinaitumikisha itengeneze virusi vingine, mpaka inapasuka."

"Mgeni gani huyo, haji hata na jiko lake!"

"Ila yule mtoto vidonda vimeshakauka. Haambukizi tena."

"Sasa mbona na wewe umehamia huku?"

Sayansi ilikuwa upande wa Odeta, lakini kiti cha pembeni mwake kilibaki kitupu.

Treni ikasimama, abiria wakasongamana kushuka.

"Mama," mtoto akasema, "bibi amenishika mkono."