Redio Yuko Chini ya Nani?

Benchi lenyewe ni ubao mnene uliotoka mgodini enzi zile vitu vilipokuwa vinatoka bila mtu kuulizwa, umelazwa juu ya matofali pembeni ya kibanda cha Mma Seipati, muuza kahawa, nje kidogo ya Rustenburg, Afrika Kusini. Hapo ndipo wazee watatu wanapoamkia, kahawa mkononi, kila mmoja na kikombe chake cha bati na wivu nacho. Zamani benchi lilikuwa linaelekea mgodini. Mwezi uliopita mnara wa lifti ukaangushwa, mdomo wa shimo ukazibwa kwa zege, na siku ya pili yake wakaligeuza benchi lielekee barabarani bila kushauriana. Mzee Khoaripe, Msotho wa milimani, ndiye aliyeumia zaidi. Wenzake walimwita Sikio, kwa sababu kazi yake ilikuwa kugonga dari la mwamba kwa mtaimbo na kusikiliza: likilia vizuri, watu waingie, likitoa sauti ya kitu chenye uwazi, kila mtu nje. Siku hizi sikio lenyewe limekufa kwa kelele za mashine za kutobolea, mpaka umpigie kelele, lakini jina limebaki.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi alikuwa anapiga kisigino chini kwa kiburi.

— Ni hapa hapa, nawaambieni. Paneli yetu ya mashariki, pale tulipochimba, iko chini ya benchi hili. Redio wetu, Mungu amrehemu, alikuwa anatangaza mpira chini ya makalio yako, Kengele.

— Makalio yangu yaache yapumzike, alijibu Modisakeng, anayeitwa Kengele. Huyu ndiye aliyeendesha mashine ya kushusha lifti miaka yote, akisikiliza kengele za ishara, na yeye mwenyewe hajawahi kushuka hata siku moja. Akaongeza: Paneli yenu iko chini ya kitanda cha Mma Seipati. Mimi ndiye niliyekuwa naachia kamba, najua imekwenda wapi.

— Thubutu! akafoka Mma Seipati kutoka jikoni. Kitanda changu kitoe mdomoni mwako!

— Kamba inakwenda chini tu, mzee, akasema Zunguze. Haikati kona. Watu walikuwa wanatembea wakifika.

Zunguze, mtu wa Inhambane kule Msumbiji, ndiye Profesa. Aliwahi kumbebea mtaalamu wa miamba mfuko wa mawe kwa miezi kadhaa, na tangu hapo hajanyamaza.

— Sikilizeni niwaeleweshe. Mwanzo kabisa nchi hii yote ilikuwa chungu kimoja cha mawe yaliyoyeyuka. Moto ulipopungua, chungu kikapoa polepole, vizito vikashuka, vyepesi vikabaki juu, tabaka juu ya tabaka. Platinamu ikakaa kwenye mkanda mwembamba, mnauona kwa ile mistari miwili myeusi. Halafu chungu kikazama katikati kwa uzito wake, mkanda ukalala kwa mteremko kama bati la kibanda. Kwa hiyo kadiri tulivyochimba, ndivyo tulivyosogea kaskazini. Redio yuko chini ya kanisa.

— Chungu! Na nani alikuwa anakoroga? akauliza Kengele. Ile ni nyota. Ilianguka, ikapasua nchi, ikajificha. Ndiyo maana wazungu walikuja wanaangalia juu na darubini kabla ya kuangalia chini.

— Nani aliwaona wanaangalia juu?

— Baba yangu.

— Baba yako alikuwa anachunga mbuzi wa chifu, aliona nini?

— Mbuzi walikuwa wanalala. Alikuwa na muda wote wa kuona.

Sikio akacheka mpaka kahawa ikamwagika gotini. Magoti yake yote mawili yana sugu nyeusi ngumu, kama ya wenzake wote wa kule chini, maana mkanda ule ni mwembamba na hakuna kampuni itakayokuchimbia nafasi ya kusimama. Walifanya kazi kwa magoti, kwa ubavu, kwa tumbo.

— Redio alikuwa na yake, akasema, akijifuta. Alisema mkanda ule unapumua. Mnakumbuka? Ile siku tulifika tukakuta umepotea, umedidimia shimoni, mbele hakuna kitu. Msimamizi anatukana mama za watu. Redio akashika mtaimbo kama kipaza sauti: "Mpira umetoka nje, mpira umetoka nje, wachezaji wanautafuta kwa majirani!"

— Nikiwa juu kwenye mashine nilikuwa nasikia kicheko chenu kabla lifti haijafika, akasema Kengele. Naapa. Nikawa najua Redio yumo.

— Wewe husikii kitu kupitia mwamba wote ule, fiksi hizo.

— Nasikia! Na nikwambie zaidi, dunia si inazunguka? Basi ule mkanda nao unazunguka taratibu kule chini. Saa hizi paneli yenu imeshafika mji wa Brits.

— Kengele, umelewa kahawa.

Walicheka, kisha kila mmoja akainamia kikombe chake. Ilikuwa inawatokea sana tangu shimo lizibwe. Sikio alikuwa anaikumbuka harufu ya baruti na jasho, joto la jiwe chini ya kiganja, na sauti ile gizani ikitangaza bao la dakika ya mwisho. Alimlilia mtu yule kuliko alivyozililia nguvu zake. Yeye na Zunguze ndio waliomtoa siku dari lilipomwangukia, na hawakuwahi kuizungumzia siku hiyo pale benchini.

Ndipo mwanamke akatokea upande wa geti la mgodi. Alikuwa wa umri wa miaka thelathini na kitu, blanketi begani, na mkononi amebeba tawi la miiba lenye majani, limefungwa kitambaa cheupe kwenye shina. Viatu vyake vilijaa vumbi. Alipofika akapiga goti kidogo.

— Nawasalimu, baba zangu. Naitwa Hlengekile, natoka Nquthu, kwa Wazulu. Nimeambiwa hapa wanakaa watu wa zamani wa shimo lile. Namuulizia baba yangu, Bhekokwakhe Mbatha.

Wazee wakatazamana.

— Sema kwa sauti, mwanangu, akasema Sikio, akigeuza sikio lenye nafuu.

— Bhekokwakhe Mbatha!

— Mbatha, Mbatha, akarudia Profesa. Wa mashine?

— Sijui, baba. Alikuwa paneli ya mashariki.

— Hapana, akasema Sikio. Mashariki nilikuwapo mimi mwenyewe, miaka mingi. Hakukuwa na mtu wa jina hilo. Pole, binti.

Mwanamke akashusha pumzi. Mma Seipati akamtolea kahawa na andazi la moto la gwinya, naye akapokea kwa mikono miwili lakini hakula.

— Nilikuwa mdogo alipofariki. Simkumbuki vizuri. Nakumbuka alipokuwa anakuja likizo, alikuwa anakamua ng'ombe huku anamtangaza. "Ng'ombe anaingia eneo la hatari, anarusha teke, kipa yuko chini!" Bibi alikuwa anacheka mpaka analia.

Kikombe cha Sikio kikatua kwenye ubao.

— Alikuwa na pengo? Hapa, pembeni?

— Bibi anasema alipigwa teke na huyo huyo ng'ombe.

— Mama yangu mzazi! Profesa akajishika kichwa. Ni Redio!

Sikio aliona haya mpaka usoni pakamwaka moto. Miaka ile yote walikula sahani moja, walilala bweni moja, alimbeba mgongoni akiwa hapumui, na jina la mtu hakulijua. Chini kule kila mtu alishuka na jina alilopewa na wenzake, na hakuna aliyeuliza la nyumbani.

— Tulimjua, mwanangu, akasema. Tulimjua sana. Ni jina tu. Tusamehe.

Hlengekile akakaa kwenye ukingo wa benchi, tawi limelala mapajani.

— Basi Mungu mkubwa. Baba zangu, mwili ulifika nyumbani, tukauzika. Lakini uliletwa na gari la kampuni, na watu wasiojua chochote. Hakuna wa ukoo aliyekuja na tawi kama hili la mlahlankosi, la kumbebea roho, hadi pale alipoangukia, akamwambia twende. Kwa hiyo hajaja. Bibi anamuota. Anasimama getini na buti za mpira, haingii. Akiulizwa anasema, "Hamjanifuata." Na sasa bibi haamki kitandani. Ameniambia hafi mpaka mwanawe aingie ndani. Kesho nyumbani wanatungoja na mbuzi wa tambiko.

— Umekwenda pale getini? akauliza Kengele.

— Askari wamesema shimo limekwisha, zege tupu, hakuna pa kunipeleka. Na mtu aliyefia chini kabisa nitamwitaje kwenye geti? Akatazama nyuso zao moja moja. Nawaombeni mnionyeshe tu. Alipoangukia ni chini ya wapi?

— Haya, semeni! akasema Mma Seipati, mkono kiunoni. Tangu kuku hawajaamka mnagombana. Chini ya benchi, chini ya kanisa, chini ya kitanda changu! Mtu amekuja, mwambieni!

— Mteremko unakwenda kaskazini, akasema Profesa. Hilo nalijua. Lakini kaskazini mpaka wapi... yule mtaalamu alikuwa na ramani. Mimi nilibeba mawe.

— Mimi sikuwahi kushuka, akasema Kengele, na kwa mara ya kwanza alilisema bila mzaha. Niliwashusha watu. Walikokwenda sikujua.

Sikio akasimama. Akafumba macho, akanyoosha mkono.

— Ukitoka kwenye lifti unafuata reli. Kuna upepo unakupiga shavu hili. Reli zinapinda, unaacha karakana, unaingia kwenye njia ya kupanda, unapanda kwa mikono... Akapiga hatua kuelekea barabarani, akageuka, akasita. Halafu unatambaa. Kulia kwako maji yanadondoka...

Akasimama pale pale vumbini, mkono hewani. Hakukuwa na reli wala upepo, na jua lilikuwa linamchoma kichwani kutoka upande asioutegemea. Akafumbua macho, yamejaa machozi.

— Sijui, mwanangu. Mimi ndiye niliyemtoa, na sijui. Mahali pale napajua kwa magoti. Kule chini hakuna jua la kukuambia uko wapi. Hizi zote tulizokuwa tunasema ni porojo za wazee wanaokumbuka kwao.

Hlengekile aliinamisha kichwa. Majani ya tawi yalianza kujikunja kwa joto. Akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu:

— Sasa kazi ikiisha, watu wako mbali mbali gizani, mlikuwa mnaitanaje mtoke?

Wazee wakatazamana tena, na safari hii Profesa alikuwa wa kwanza kuinuka.

— Tshayile, akasema.

— Ndiyo nini, baba?

— Neno la mgodini. Kazi imekwisha, twende zetu. Aliye karibu na njia analipiga, wa pili analipokea anampigia wa tatu, mpaka linamfika wa mwisho kabisa. Hakuna haja ya kujua mtu yuko wapi. Linamfuata lenyewe.

— Na Redio, akasema Sikio, hakuwahi kungoja aitwe mara mbili. Ungesikia buti zake zinakuja.

Hlengekile akasimama, akafungua kitambaa kwenye shina.

— Basi muiteni. Akitoka, mimi nitampokea kwa jina la sifa la ukoo. Na mnisamehe, baba zangu: nikishampokea sizungumzi tena na mtu mpaka nyumbani, ila yeye tu. Siwezi kuwaaga. Nawashukuruni sasa.

Waliacha vikombe. Kengele alivua kofia, akakaa upande uliko mgodi, Profesa katikati ya njia, Sikio karibu na mwanamke. Mma Seipati alizima jiko. Kengele, ambaye hakuwahi kulisema neno lile maishani mwake, alivuta pumzi.

— Tshayileee!

— Tshayileee! akapokea Profesa.

Sikio akaliita kwa nguvu zote zilizobaki kifuani, akiinamia ardhi, mikono magotini. Mbwa wa jirani wakaanza kubweka, watu wakachungulia madirishani, naye hakujali. Akaita tena. Mwanamke akagusa ardhi kwa tawi.

— Shandu! Ni mimi, Hlengekile wako. Umechoka, baba. Kazi imekwisha. Twende nyumbani, mama anakungoja.

Akaliinua tawi polepole kwa mikono miwili, kama mtu anayemsaidia mwenzake kusimama, akaelekea barabarani bila kugeuka. Alikuwa ananong'ona njia nzima: hapa kuna jiwe, baba, hapa kuna mtaro, ruka. Wazee walimfuata nyuma kwa adabu. Sikio alitaka sana kumwambia rafiki yake neno, hata moja la utani.

Gari la abiria la kwenda Johannesburg likasimama, vumbi likawapita. Dereva akachungulia.

— Mama, mko wangapi?

Hlengekile akamnyooshea nauli, midomo imefungwa, macho kwenye tawi.

— Mama, nakuuliza! Watu wangapi?

— Wawili, wakajibu wazee wote watatu na Mma Seipati juu.

Dereva akaangalia nje, akaliona tawi, akazima muziki.

— Samahani, wazee wangu. Wakae wapi?

Sikio akaja mpaka mlangoni, akashika bati la gari kwa kiganja.

— Yeye mpe dirishani, kijana. Ana miaka mingi hajaona nje.