Nyama ya Ukweni na Msumari wa Benchi

Haya ninayoyasimulia sikuletewa na upepo wala sikuyaokota sokoni. Nilikuwepo mwenyewe, nimekaa, kikombe mkononi, na anayebisha aje tubishane nikiwa nimeshakunywa cha pili. Kijiwe chetu kipo ubavuni mwa duka la vipuri, pale ukuta unapotupa kivuli asubuhi kisha mchana unatunyima. Benchi ni ubao wa kabati lililovunjika, na upande wa kulia una msumari uliochungulia nje tangu siku lilipopigiliwa. Sheria ya kijiwe ni moja tu: wa mwisho kufika ndiye anayekalia msumari. Siku hiyo nilitangulia mimi, akafuata Waya, fundi redio, ambaye koleo halimtoki mfuko wa shati. Kisha akaja Friji, fundi wa mafriji, kijana mpole, kabeba sanduku la barafu. Wa mwisho alikuwa Afande, askari mstaafu. Akautazama msumari, akalitazama sanduku, akabandua mfuniko, akautandika, akaukalia. Sote tukaona mzee ana akili. Shangazi muuza kahawa akatumiminia.

— Umebeba nini humo, Friji? nikamwuliza.

— Nyama, kaka. Naenda nayo kambini na wakwe.

— Wakwe? Kwani umeshaoa?

— Ndiyo kwanza naomba. Baba yao kila likizo huipeleka familia porini. Wanalala kwenye mahema, umeme hakuna. Sasa juzi nikajisifu mezani kwake, nikasema mimi na baridi ni chanda na pete. Mzee akaweka kijiko chini. Akasema, "Basi chakula cha kambi kiko mikononi mwako. Kikifika salama, tutazungumza habari ya binti. Kikioza, tutazungumza habari ya hali ya hewa."

— Hapo pagumu, akasema Waya.

— Pagumu mno! Mimi bila soketi sijui hata pa kuanzia. Gari linanipitia hapa hapa. Nisaidieni jamani, kila mtu aseme anachokijua.

Kuwaambia watu wa kijiwe chetu waseme wanachokijua ni kumkabidhi fisi bucha. Waya akakohoa kidogo, akajiweka sawa.

— Kwanza ondoa wasiwasi. Baridi ni kama matangazo ya redio, haipotei, inahama stesheni. Wewe itafute ilipo.

— Ipo wapi?

— Mchangani. Unaweka chungu ndani ya chungu, katikati unajaza mchanga wenye maji, juu unafunika gunia bichi. Upepo ukipita, baridi yenyewe inakuja.

— Hilo ni kweli, akasema Shangazi huku akisuuza vikombe. Bibi yangu alikuwa akihifadhi nyanya namna hiyo. Ila kwa nyama hakuthubutu.

— Shangazi, wewe mimina kahawa, Afande akamkatiza. Mambo ya baridi ni ya jeshi.

Akapenyeza mkono sandukuni, akatoa bonge la barafu, akaliweka juu ya goti.

— Goti hili liliungua na jua la mpakani. Kipande kimoja hakiui. Haba na haba hujaza kibaba.

— Afande, kibaba chenyewe si ndicho unachokipunguza? akalalamika Friji.

— Nyamaza usikie. Kule mpakani tulikuwa watu mia, ng'ombe mmoja, na jua la kuchemsha kofia. Tukamchinja ng'ombe, tukamfunga kamba mzima mzima, tukamzamisha mtoni.

— Na mamba je?

— Mamba ndiye tuliyempangia zamu! Tulimlipa kwato. Ng'ombe yule alikaa majini hadi mwezi ukaandama, na tulipomtoa alikuwa anatetemeka.

— Ameshachinjwa, halafu anatetemeka?

— Kwa baridi, kijana! Ungekuwa wewe usingetetemeka?

Waya naye akachukua bonge lake, akalibandika kisogoni, eti apoze bongo kabla halijashika moto.

— Afande hajakosea, ila hajachimba. Nyama huozeshwa na habari. Inapata habari kwamba kumekucha, basi nayo inaamka, inaanza mambo yake. Ifunge kitambaa cheusi. Itadhani usiku haujaisha, italala. Kilicholala hakiozi.

— Lakini friji, Waya, friji inapoza kwa gesi na mota...

— Wewe fundi, nikuulize. Ukifunga mlango wa friji, taa ya ndani inafanyaje?

— Inazima.

— Unaona! Giza! Umeme wote ule unaoulipia kazi yake ni kuzima taa!

Friji akalitazama sanduku lake. Ameyafungua matumbo ya mafriji tangu ubarobaro wake, na pale nilimwona kabisa anaanza kuwatilia shaka waliomfundisha.

Mimi si mtu wa kujisifu, lakini zamu ilipofika kwangu, kijiwe kilisogea chenyewe kunisikiliza. Nikatia bonge la barafu mdomoni ili sauti itoke laini.

— Nyie mnahangaika na vyungu. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alinuna. Alinyimwa paja la kuku kwenye harusi, akanuna mpaka harusi nyingine. Chumbani mwake palikuwa na ubaridi ambao hata inzi aliingia na koti. Sisi watoto tukitumwa kuweka maziwa uvunguni mwake, asubuhi tunayakata kwa kisu.

— Sasa nitampata wapi mtu aliyenuna? akauliza Friji.

— Unaenda ukweni, wanakosekanaje? Na kama una samaki, kumbuka wahenga walivyosema: samaki mkunje angali mbichi. Walikuwa na maana yao. Sanduku ni dogo.

Tukacheka, tukaongezewa kahawa, na kila aliyetoa hoja akaisindikiza kwa bonge. Mara Friji akashtuka.

— Jamani, mbona maji yanatiririka hapa chini?

— Maji yakimwagika hayazoleki, akasema Afande kwa upole. Kwa hiyo usijisumbue.

Hapo ndipo pikapu iliposimama. Akashuka binti mwenyewe, yule anayeombwa, kitambaa kichwani, funguo za baba yake kidoleni.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

Akatazama sanduku. Nyama imekaa wazi kama mgonjwa aliyeporwa shuka, imezungukwa na vibarafu vya kuhesabika.

— Mfuniko wake uko wapi?

Waya akachungulia chini ya benchi. Mimi nikachungulia nyuma ya ukuta. Friji akatazama mbinguni. Shangazi peke yake ndiye aliyemtazama Afande, na Afande akainuka taratibu, kama mtu anayepigiwa wimbo wa taifa.

— Mbona umeukalia, baba?

— Kuna msumari, mwanangu.

— Upo tangu lini?

— Tangu benchi.

— Na kwa nini hamjaung'oa?

Nimeketi pale mvua na jua. Nimetusikia tukijibu kwa nini bahari ina chumvi na kwa nini serikali hazina. Swali lile lilikosa mwenyewe. Koleo la Waya liling'aa mfukoni, naye akafunga kifungo cha mfuko polepole.

Binti akainama, akainusa nyama.

— Bado nzima, ila kwa safari hii haifiki. Baba alikwambia ifike salama, au ifike baridi?

— Salama, akasema Friji kwa sauti ya kuumwa.

— Basi. Shangazi, naomba jiko lako na chumvi. Hii tunaila leo na kesho asubuhi. Baada ya hapo ni maharage, na maharage hayaombi barafu.

Shangazi akaepua birika, akatangaza kwamba kahawa imekwisha. Binti akaikata nyama vipande vyembamba. Friji, fundi wa baridi, akapiga magoti, akaushika ule mfuniko wa sanduku, akaanza kupepea moto. Alipepea mpaka jasho likamtoka kidevuni, na nyama ikakauka, ikanukia, ikatutesa, maana hatukupewa hata kipande. Kisha Friji akamwendea Waya, akafungua kile kifungo, akachomoa koleo na kuung'oa msumari kwa mkono mmoja. Binti akamtazama kwa muda.

— Panda mbele, akamwambia.

Waliporudi kutoka kambini, Friji alituletea habari. Mzee alitafuna, akauliza, "Nani alipepea moto?" Binti akajibu, "Huyu." Mzee akasogeza kiti. "Kaa, mwanangu, tuzungumze." Na hali ya hewa haikutajwa mpaka wanakunja mahema.

Yote hayo ni kweli tupu, nimeyaona na mengine nimeyapata motomoto kutoka kwa mwenyewe. Pamoja na mamba, kama Afande hakudanganya. Kitu kimoja tu nimekitunga mimi, nilipoona hadithi inakitamani: kung'oka kwa ule msumari. Haukung'oka. Koleo lilibaki mfukoni, kifungo kikabaki kimefungwa, na msumari upo pale pale. Nina hakika kabisa, kwa sababu leo nimechelewa kufika.