Mguu wa Kushoto wa Mzee Weldon

Miaka thelathini na tatu, miezi miwili na siku kumi na nne. Hivyo ndivyo Mzee Weldon Kiplimo ametumikia chuo hiki, na Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025 anarudisha funguo za maabara na kwenda nyumbani Molo.

Ofisi ilikuwa imemwandikia mistari mitatu ya kumuaga. "Fundi msaidizi, mtiifu, asiye na maneno mengi." Basi. Mistari mitatu ni ya kutangaza ng'ombe aliyepotea! Nikaenda kwa Bwana Ndegwa wa ofisi ya wafanyakazi nikamkumbusha kwamba katika idara yetu anayestaafu anaandikiwa na yule aliyekaa naye sana, na aliyekaa naye sana ni mimi, ninayesafisha chuo hiki mwaka wa kumi na tisa sasa. Akaniangalia juu ya miwani. "Mama Lynn, kweli utaweza?" Nikamwambia mimi niliishia darasa la nane, lakini nimezaa injinia. Karatasi akanipa.

Mzee Weldon aliandikwa kazi Septemba 1992, upande wa ng'ombe wa maziwa. Alikamua kwa mkono hata baada ya mashine kuletwa, kwa sababu kulikuwa na ng'ombe waliokataa mashine na hawakumkataa yeye. Mwaka wa 2009 fahali mmoja aligeuka ghafla zizini, na mwanafunzi wa mafunzo alikuwa katikati. Mzee alimsukuma yule msichana juu ya ua. Fahali akambana yeye ukutani. Nyonga ikavunjika, akalala hospitali Nakuru miezi mitatu, na alipotoka mguu wa kushoto ulikuwa umebaki mfupi. Yule msichana leo ni daktari wa mifugo huko Subukia, na kila Krismasi huja kumsalimia. Chuo chenyewe kilimpa Mzee barua ya kumhamisha stoo, "kazi nyepesi". Shukrani hakuna. Niliisoma hiyo barua, msinibishie.

Maabara ilipofunguliwa 2016 akaletwa huku. Kwa wageni ambao hawajaingia: ukutani kuna kamera kumi na mbili. Mtu anavaa suti nyeusi ya kubana iliyobandikwa vimipira vinavyong'aa, anatembea au anacheza ngoma, na kompyuta inauchukua mwendo wake na kumpa mtu wa kuchorwa. Halafu wewe unavaa miwani mikubwa na unajikuta uko naye mahali pengine kabisa. Wenye kusoma wanaita uhalisia pepe. Anayeendesha kompyuta hizo zote ni Injinia Lynn, binti yangu, niliyemlea kwa viazi vya Molo, na hapa Rift Valley simjui mwingine wa kumfikia. Kama mnamjua, mleteni.

Lakini hata Lynn hawezi kuanza kazi kabla ya Mzee. Kila asubuhi lazima mtu azunguke sakafu yote akipunga fimbo yenye taa, ili kamera zote zikubaliane sakafu iko wapi. Walimu huipunga dakika mbili wakakimbilia chai, na siku nzima kamera zinagombana. Mzee huenda pembe kwa pembe, polepole, kama anayemwonyesha ng'ombe mgeni boma jipya. Siku zake, kamera hazigombani.

Na mimi ananijua. Mwaka wa 2019 tulikuwa na wageni wakubwa, nami nikapiga sakafu polishi mpaka ukaweza kujitazama ndani ukafunga kitambaa. Kumbe kamera zikaona vimipira juu na vingine ndani ya sakafu. Mcheza ngoma wetu, Jebet, akatokea kwenye kompyuta na miguu minne! Profesa, mkuu wa maabara, akapiga kelele, "Nani amefanya huu ujinga?" Nilikuwa nimeshikilia ndoo. Mzee akajibu bila hata kugeuka, "Ni mimi nilimwambia apake." Siku hiyo hakuwa hata na zamu, alikuwa amepita tu kuchukua koti lake. Halafu akapiga magoti na mguu huo mbovu, tukaisugua ile polishi yote kwa brashi.

Sasa nije kwa jambo lenyewe, ambalo nimelibeba tangu Agosti.

Maabara ilitengeneza filamu ya miwani inayoitwa Zizini. Ukivaa, uko zizini asubuhi na mzee mmoja anakufundisha kukamua. Walileta kwanza mwigizaji kutoka mjini, akashika chuchu kama anayekamua kitambaa cha deki. Lynn akasema, "Mzee, vaa wewe." Mzee wa miaka hamsini na tisa ndani ya suti ya kubana! Fundi wa nguo aliitwa kuongeza tumboni. Siku sita alikamua glavu za maji zilizofungwa kwenye kiti. Ng'ombe wa kweli aliletwa, akala vimipira vitatu, akarudishwa. Kwa hivyo kichwa cha ng'ombe mnachokiona kikigeuka kuwatazama, hicho pia ni Mzee Weldon.

Filamu ikaonyeshwa Nakuru. Nilivaa nguo yangu ya kanisa na kila aliyesimama kwenye foleni nilimwambia mama wa injinia ni nani. Nikavalishwa miwani. Mikono ilikuwa yake, hata ile tabia ya kupangusa kidole gumba kwenye goti. Karibu nilie. Halafu akainuka na ndoo, akatembea. Akatembea wima, kama askari wa gwaride.

Mwishoni majina yakapita. Hata waliopanga viti walikuwemo. Mzee Weldon alikuwa "Mwigizaji wa 4".

Sikungoja tufike nyumbani.

"Lynn, mguu wa Mzee uko wapi?"

"Mum, tuliunyoosha. Ni kawaida. Ulikuwa unaonekana kama makosa ya kamera."

"Makosa? Huo mguu ni makosa?"

"Watu wangesema mashine yetu ni mbovu. Mum, please, kuna wageni."

"Na jina lake?"

"Kwenye faili kila mtu ni namba. Nilisahau kubadilisha."

Alisahau! Mtoto wangu mwenyewe, ambaye Mzee huyu alimwekea chai ya moto kila siku ya baridi. Niliona aibu mpaka ile nguo ya kanisa ikanibana. Nikaenda ofisini, nikaambiwa filamu imeingizwa kwenye mashindano na haiguswi mpaka mwaka ujao. Mwaka ujao! Mwaka ujao Mzee atakuwa Molo, nani hapa atakumbuka alivyotembea?

Mzee mwenyewe ndiye aliyenimaliza. "Wacha tu, Mama Lynn. Mtoto amefanya kazi nzuri. Hata mimi nilipenda kujiona nikitembea hivyo." Akakunja waya aliokuwa amekwisha kuukunja. "Ila Chepkemboi alivaa miwani akaniuliza, huyo mwanaume ni nani."

Chepkemboi ni mke wake, wameishi pamoja miaka thelathini na mitano.

Nililichukua neno hilo nikalipeleka kwa Lynn vile vile, sikuongeza chumvi. Aliacha chakula mezani akaenda maabara. Mwendo wa kwanza, ule wa kweli, alikuwa hajaufuta. Siku nne alirudisha hatua moja moja, na kiatu cha kushoto kinachoburuta, na ndoo inayomwaga kidogo kila hatua. Ofisi ikamwambia filamu itatolewa mashindanoni. Akawaambia, "Itoeni." Imetolewa. Huyo sasa ndiye binti niliyemzaa, na hili la leo najivunia kuliko vyeti vyake vyote. Lakini ofisi bado nimewakasirikia, na waliojua tangu Agosti wakanyamaza, pamoja na wanaosoma karatasi hii, nimewakasirikia pia. Chai ya sherehe nitawapikia. Kuwachekea, bado.

Ijumaa saa nne, kiti cha kwanza mbele ni cha Bi Chepkemboi. Profesa atangoja. Bi Chepkemboi ndiye atavaa miwani kwanza, na majina yatakapopita, la juu kabisa ni Weldon Kiplimo. Tutanyamaza wote tusikie kama atauliza tena huyo ni nani.

Mzee Weldon, asante kwa sakafu, kwa ile polishi, na kwa kumsubiri mtoto wangu akue. Mungu akupe maziwa mengi, viazi visivyooza na wajukuu wa kukusumbua. Nenda nyumbani salama, na utembee vile vile unavyotembea.

Wariara, Mama Injinia Lynn
Usafi, Jengo la Maabara