Aliyeagiza Tusiweke Mbao

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na wageni mliotoka mbali na karibu, poleni sana na msiba, na poleni pia na matope, maana nimewaona mkifuta viatu pale mlangoni na kutazamana, na matope hayo nitayafikia, kila jambo na zamu yake. Mimi ni mdogo wake marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa, na familia imenipa kazi hii ya kusoma kwa sababu nilikuwa mpiga chapa miaka yangu yote ya kazi na maneno marefu hayanitishi, na kwa sababu ni mimi niliyempigia chapa maombi yake ya ruzuku tangu la kwanza hadi la mwisho, hivyo mengi ya maisha yake yalipita vidoleni mwangu kabla ya kufika serikalini.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1953, katika nyumba iliyo nyuma ya kinu cha kusaga nafaka, upande huu huu wa kijito, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba mwashi na mama mshonaji, na mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mtoto huyu alitoka amekunja uso kama mtu aliyekaa ofisini muda mrefu anasubiri kuitwa.

Alianza elimu ya msingi mwaka 1961 katika shule iliyo karibu na soko, akamaliza mwaka 1968, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila mwandiko wake ulikuwa mzuri hata walimu walimtumia kuandika mabango ya shule. Januari 1969 aliingia chuo cha ufundi, akasomea useremala, akatunukiwa cheti Novemba 1971, na tarehe 3 Januari 1972 akaajiriwa katika karakana ya samani za shule iliyo ng'ambo ya barabara kuu, ambako alitengeneza madawati, meza na makabati hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2013 akiwa msimamizi wa karakana. Wengi wenu hapa mmejifunza kusoma mkiwa mmekalia kazi ya mikono yake. Alikuwa hawezi kuvumilia kitu kinachoyumba, akialikwa kwa mtu alipiga magoti kwanza kutazama miguu ya meza, ndipo akumbuke kumsalimu mwenye nyumba, na tabia hiyo naomba muikumbuke, maana ndiyo iliyotuponza baadaye.

Tarehe 14 Agosti 1976 marehemu alifunga ndoa na wifi yangu huyu aliyekaa mbele yenu, binti wa muuza vitambaa, wakaishi kama chanda na pete, ingawa pete ilikuwa inabana siku nyingine. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya meza. Marehemu aliamini kwamba mtu akikaa mbali na shida ataiandika vibaya, kwa hiyo kila alipotaka kuomba ruzuku alibeba meza ya nyumbani kwake, akaiweka pale pale penye shida, iwe kwenye foleni ya maji au kwenye uvundo wa soko, akakaa na kuandika, na wifi yangu amepakua chakula juu ya magoti yake kwa miaka mingi kuliko anavyopenda kukumbuka. Ndiyo meza hii iliyobeba jeneza lake, na wifi ameniambia nitangaze kwamba leo, hatimaye, imerudi nyumbani.

Mungu aliwajalia watoto watatu, binti mmoja na wavulana wawili, na ni binti huyo wa kwanza ndiye mwanzo wa habari yote ya kijito. Tarehe 22 Aprili 1978 wifi alishikwa na uchungu wakati wa mvua, na kama mnavyojua zahanati iko ng'ambo, pamoja na makaburi, na kijito kilikuwa kimefurika, na kwenda kwa gari ni kuuzunguka mji mzima, na gari lenyewe halikuwapo. Kaka yangu alimshika mkono mkewe wakasimama ukingoni, upande ule anamwona mkunga wa zahanati amesimama na taa mkononi na mwavuli, wanapungiana mikono tu, na mtoto akazaliwa kibarazani kwa fundi viatu, juu ya vipande vya ngozi, akipokewa na majirani waliojua na wasiojua. Mama na mwana walipona, na binti mwenyewe leo ni dereva wa lori, mtu asiyezuiwa na maji wala milima, lakini kaka hakuisahau ile taa ya ng'ambo. Aliniambia, "Dada, nilikuwa naziona hadi kamba za viatu vya mkunga, na sikuweza kumfikia."

Ombi lake la kwanza la daraja la waenda kwa miguu aliliandika Februari 1979, nami nikalipiga chapa nikiwa mgeni kazini, na ninasema kwa upendo kwamba halikufaa. Kaka alilelewa kusalimia, basi ukurasa wa kwanza aliuliza hali ya mkubwa wa ofisi, wa pili akauliza hali ya familia yake na mifugo kama anayo, daraja likachomoza ukurasa wa tatu, tena kwa aibu, na mwishoni akasema kama haiwezekani yeye hana kinyongo. Ofisi ilijibu kwa adabu kubwa kwamba wamepokea salamu, na kwamba wote huko ni wazima.

Hakukata tamaa, alijifunza. Mwaka 1986 serikali ilipoanza kutoa ruzuku kwa miradi ya mitaa, alichaguliwa katibu wa kamati yetu ya maendeleo, na hakuna aliyethubutu kumwondoa mpaka juzi alipotutoka, akajua kuandaa muhtasari wa kikao, makadirio ya gharama, picha za eneo, na ahadi ya nguvu kazi ya wananchi, na akajua kulisema ombi kwenye mstari wa kwanza na kuziacha salamu kwa siku ya kukutana. Bomba la maji pale njia panda tulilipata Septemba 1989 kwa kalamu yake, vyoo vya soko tukavipata mwaka 1994, ukumbi wa mtaa ulifunguliwa tarehe 2 Juni 2001, na shule ikaezekwa upya mwaka 2006, na kila mradi ulipokamilika alikaa kwenye ngazi ya jengo jipya, akawatazama watu wakilitumia, akafurahi kimya kimya kama mtu aliyeshiba. Mwanamke mmoja sokoni aliwahi kumwambia, "Katibu, na hiki choo nacho umekuja kukisindikiza?" naye akajibu kwamba anahakikisha mlango hauyumbi.

Lakini daraja lilitushinda, na tuseme ukweli, tulijishinda wenyewe. Tarehe 11 Machi 1997 mkaguzi wa kwanza alikuja kuona kijito, na habari za ujio wake zilipotufikia, mtaa mzima ulishikwa na haya, mgeni wa serikali atatukutaje hivi, basi wanawake wakafagia kingo zote mbili, vijana wakapaka mawe chokaa, na marehemu, yeye aliyeliandika ombi kwa mkono wake, akachonga mbao nzuri, akazilaza juu ya maji, akatia na kishikio cha mkono, akakipiga msasa mgeni asichomwe na kibanzi. Mkaguzi alivuka, akarudi, viatu vyake vikavu, akasifu, na taarifa yake ikasema kivuko kilichopo kinatosha na kinatunzwa vizuri. Mvua ya wiki iliyofuata ilizoa mbao zote, na kishikio kikaonekana bustanini kwa watu wa bondeni, wanakitegemezea maboga. Kaka aliumia sana, lakini nilipomwuliza kwa nini alifanya vile, alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu huvaa nguo.

Mkaguzi wa pili alikuja tarehe 19 Mei 2009, mama mtu mzima, goti lake moja linamsumbua, na safari hii kaka alikuwa amepiga marufuku ufagio, chokaa na mbao, watu wakatii, matope yakawa ya kupendeza. Yule mama alifika ukingoni, akashika sketi yake, akatazama maji, akatutazama sisi, na kaka yangu uzalendo ukamshinda. Akaita kiti, kikaletwa kiti, akakijaribu kama kinayumba, na wanaume wanne wakiongozwa na fundi viatu wakamvusha mgeni juu juu kama bibi harusi, huku marehemu akitembea pembeni ndani ya maji akisema, "Inueni nyuma, inueni nyuma." Mama alicheka njia nzima, akashukuru, akatuombea heri, na taarifa yake ikasema wananchi wana utaratibu wao wa kuvushana, nao ni salama.

Tangu siku ile wifi yangu alibandika methali moja ukutani, juu ya pale meza ilipopaswa kuwa, inayosema mficha uchi hazai, na kila kaka alipopita alimsomea kwa sauti. Yeye alicheka, akaanza upya, na ombi la mwisho la daraja tuliliwasilisha tarehe 30 Septemba 2024, mimi nikilipiga kwa kompyuta na yeye amekaa ukingoni kwenye meza yake, blanketi mabegani, akinisomea kwa simu, na nikiri kwamba lilikuwa fupi na zuri kuliko yote.

Blanketi hilo lilikuwa na sababu. Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo Novemba 2023, akawa anachoka akipanda ngazi za ukumbi, akatibiwa zahanati, akalazwa hospitali kuu tarehe 18 Februari 2025, akaruhusiwa, akalazwa tena tarehe 26 Aprili. Wiki ile ile ofisi ilitupa taarifa kwamba mkaguzi wa tatu atakuja Jumatano tarehe 7 Mei, na mwanawe wa mwisho alipomwambia hayo kitandani, marehemu aliuliza kama mvua bado zipo, akaambiwa zipo, akatabasamu. Kisha akamwita mkewe, akamwambia mbele yetu sote, "Mimi nikiwepo nitaita kiti, najijua. Likitokea la kutokea, hata kwa ajili yangu msiweke mbao." Hatukuwa tunalia kwa ajili ya daraja, tulikuwa tunalia kwa sababu tulimpenda, na yeye akatuambia tunamwagia maji shuka la hospitali. Alifariki dunia Jumapili tarehe 4 Mei 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa wifi yangu, zikiwa zimebaki siku chache atimize miaka sabini na miwili, na uso wake, niliouona mimi mwenyewe, haukuwa umekunjwa tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali kuu, mkunga mstaafu wa zahanati ambaye ameketi hapa na mwavuli wake, majirani walioleta kuni, viti na machozi, kamati ya mtaa, na mafundi wa karakana waliotengeneza jeneza hili bila malipo, nami nimelishika kila pembe, haliyumbi, maana lingeyumba angeamka. Tunawashukuru pia vijana waliokuja jana jioni na mbao mabegani, kwa nia njema, ili wabebaji wasilowe, na tunawaomba radhi kwa namna wifi alivyowarudisha nyumbani na mbao zao.

Sasa ndugu, mmekwisha kufahamu kwa nini leo hatukufagia, na kwa nini leo ni Jumatano. Mkaguzi alipiga simu jana akitaka kuahirisha kwa heshima ya msiba, wifi akamjibu kwamba marehemu hajaahirisha, basi amekuja, ndiye kijana aliyekaa mstari wa nyuma, na tunamkaribisha kwa moyo mkunjufu. Tukitoka hapa tutaelekea makaburini kwa njia tunayopita siku zote, binti wa marehemu na wadogo zake watatangulia na jeneza, fundi viatu, ambaye sasa ni mzee, ameomba ashike japo kona moja, na maji yamefika magotini. Bwana mkaguzi, tunakuomba uvuke nasi, pale pale tunapovuka sisi, uandike utakachokiona, na utusamehe sana, baba, tumefundishwa kumheshimu mgeni, lakini leo hatutakubeba.

Kaka yangu, umeombea kila mtu hapa maji, paa na mlango usioyumba, leo na sisi tunakuombea wewe. Pumzika kwa amani, tunakuja kukuvusha, na ng'ambo tutafika tumelowa.